Eti "una uhakika unaishi hapo?" Nimehama kampuni ya umeme, nimegeuzwa mzimu

Wakuu, salamu baadaye. Nimekata simu sasa hivi, mkono bado unatetemeka, chai imepoa sijaigusa.

Hawa jamaa mnawajua, msinifanye niwataje. Hao hao ambao kila Mswahili hapa Reading, Uingereza, alikuwa ananiambia "hamia kule, bei nzuri, simu wanapokea haraka". Nikahama. Dakika kumi kwenye simu: jina, anwani, namba ya benki, kwisha. Wakasema siku 5 za kazi, na kweli siku ya 5 nikawa mali yao. Mpaka hapo nilikuwa nawapigia debe hadi msikitini.

Wiki ya saba inaingia bili. Pauni 412. Naishi peke yangu! Kazi yangu ya usiku, mchana nimelala, jiko nawasha mara mbili kwa wiki kuchemsha maharage. Pauni 412 za nini, nafua jezi za ligi nzima?

Nikapiga. Muziki dakika 47, wimbo mmoja, sasa naujua kuliko wimbo wa taifa. Akaja binti ana sauti tamu kama asali, akanisikiliza vizuri tu, akabonyezabonyeza, kimya kidogo, halafu akaniuliza: "Samahani bwana, una uhakika unaishi hapo?"

Wakuu. Nipo jikoni. Taa inawaka. Birika la umeme linaunguruma. Nimevaa kandambili na msuli, kwenye chumba ninacholipia pango mwaka wa tatu huu. UNA UHAKIKA UNAISHI HAPO?

Nikamwambia dada, hata hii simu unayonisikia imechomekwa ukutani. Akasema mfumo unaonyesha matumizi ni sifuri tangu nijiunge, kwa hiyo inaelekea nyumba haina mtu. Haya, sasa hizo 412 anadaiwa nani? Akasema hayo ni makadirio. Yaani nyumba haina mtu, ila huyo mtu asiyekuwepo amekadiriwa kula umeme wa kiwanda cha saruji, na alipe kabla ya tarehe 14.

Kampuni niliyoikimbia ilikuwa na kiburi, nakiri. Lakini ilikuwa inaniibia huku ikijua nipo.

"Una uhakika unaishi hapo." Nimekwenda kujiangalia kwenye kioo.

---

Mtoto wa Tandale: Uzi bila picha ya birika haujakamilika.

Nyuki Mweusi: Mkuu mbona unazunguka? Dada kauliza swali jepesi. Una uhakika?

Kibatari: Ngoja nielewe. Kuna binadamu anaamka asubuhi ANACHAGUA kampuni ya umeme, halafu anakuja kutulilia sisi? Huku kwetu tunachagua kati ya mshumaa na tochi ya simu. Acha kudeka.

Mwenye uzi: @Kibatari hujasoma. Sijalilia bei. Nimesema birika LILIKUWA LINAUNGURUMA akaniuliza kama naishi hapo.

Kibatari: Nimesoma. Una birika la umeme na umeme wa kulichemshia. Shukuru Mungu.

Mama Shifti: Pole mdogo wangu. Mimi nilihamishwa bila kuhama. Ule mwaka 2021 bei ya gesi ilivyopaa, kampuni za umeme huku Uingereza zilikuwa zinadondoka kama kuku wa mdondo, karibu 30 zilikufa hadi kufika 2022. Yangu ikafa Jumatano, Ijumaa napata barua ya kampuni nyingine nisiyoijua inaniita "mteja wetu mpendwa". Umependa lini? Na hiyo tozo ya kila siku, zaidi ya peni 50, unaikatwa hata ukikaa gizani mwezi mzima. Nilikwenda nyumbani wiki sita kumzika mama, nikarudi nikakuta deni. Nilikuwa Tanga, taa zote zimezimwa, bado nadaiwa.

Nyuki Mweusi: Angalau wewe wanajua unaishi hapo 😂😂

Fundi Waya: Mleta uzi, acha hasira usikie. Ukihama kampuni waya ni ule ule, umeme ni ule ule, anayebadilika ni anayekutumia bili tu. Kama mita yako ni zile mita janja za kizazi cha kwanza, nyingi zilikuwa zinapoteza ujanja mteja akihama, zinabaki bubu: mita inahesabu ila haitumi kitu, upande wa pili wanaona sifuri. Ile skrini ndogo ya mezani inaandika nini?

Mwenye uzi: Sifuri. Tangu siku ya kuhama. Nilidhani ni kwa sababu nabana matumizi.

Mtoto wa Tandale: 💀💀💀

Fundi Waya: Sasa fanya hivi. Shuka kwenye kabati la mita la jengo lenu, piga picha mita yenye namba ya nyumba yako, linganisha na namba ya mita iliyo kwenye bili. Siku ya kuhama ulipiga picha?

Mwenye uzi: Picha ya nini tena? Niliambiwa dakika kumi.

Fundi Waya: Haya ndiyo matatizo yenyewe. Anayehama hupiga picha mita siku ile ile, ndiyo bili ya mwisho huku na ya mwanzo kule. Sasa zima swichi iliyo chini ya mita yenye namba yako, upande juu uone nini kimezimika. Majengo ya zamani mita kupishana ni kawaida, unamlipia jirani naye anakulipia wewe.

Mjomba Houston: Nyie wa Uingereza mnalialia mambo madogo. Sisi Texas tunachagua kampuni tangu 2002, orodha ndefu kama ya mchango wa harusi: mpango wa usiku bure, mpango wa wikendi bure, mpango wa bei ya soko. Kuna waliojifanya wajanja wakaingia huo wa bei ya soko. Februari 2021 ikaja ile baridi, bei ya jumla ikagonga dola 9,000 kwa megawati-saa, watu wakapata bili za maelfu ya dola kwa siku chache. Maelfu! Na wengine walikuwa wanatetemeka gizani. Mimi nilikuwa kwenye bei ya kudumu, wakaniita mshamba. Sasa nani mshamba?

Nyuki Mweusi: Hakuna aliyekuuliza mjomba.

Bin Kisauni: Mombasa hapa. Agosti 2023 stima ilipotea nchi nzima, mpaka uwanja mkubwa wa ndege Nairobi abiria wakakaa gizani. Sisi wala hatukuulizwa kama twaishi hapa, wao wenyewe hawakuwa na uhakika kama kuna nchi.

Mwenye uzi: Wakuu mrejesho. Nimeshuka. Nimezima swichi ya mita iliyoandikwa 4, namba yangu. Nimepanda juu mbio. Taa yangu INAWAKA. Birika LINAUNGURUMA. Ila yule mzee wa Kijamaika wa namba 6 yuko kwenye ngazi amevaa taulo anauliza nani kamzimia maji ya moto.

Mtoto wa Tandale: 😂😂😂😂 nimeanguka kitandani

Nyuki Mweusi: Kwa hiyo dada alikuwa sahihi. Kimita, huishi hapo.

Mwenye uzi: Usianze.

Nyuki Mweusi: Binti wa watu alikuuliza kwa adabu kabisa ukamtusi jamvini.

Fundi Waya: Nilijua. Andika malalamiko rasmi leo, weka picha. Wiki 8 zikipita hawajamaliza, peleka kwa msuluhishi wa nishati, huduma ni bure. Na wakijifanya wanakudai ya zamani, kama kosa si lako hawaruhusiwi kurudi nyuma zaidi ya miezi 12.

Mwenye uzi: Asante mkuu. Lakini bado, ile SAUTI aliyoniulizia...

Binti Ukonga: Afadhali yenu mita zimepishana kwa bahati mbaya. Mimi ni mpangaji, kila mwezi nikinunua luku inakatwa 1,500 ya kodi ya jengo. Jengo la nani? Mwenye nyumba yuko Morogoro anakula upepo, kodi ya nyumba yake nalipa mimi, na nikimwambia anirudishie anasema "tutaongea". Tangu 2021 tunaongea.

Kibatari: Hapo sasa umesema jambo. Huu ndio uzi.

Chumba Namba Tatu: Mnaongea luku zenu binafsi, mna raha. Sisi vyumba sita luku moja. Tulikuwa umeme wa bei nafuu, ule wa uniti 75 za mwanzo wa mwezi kwa shilingi 100 kila uniti. Akahamia jamaa chumba cha mbele na friji la malai. Friji linakoroma usiku kucha kama trekta. Uniti 75 zinaisha tarehe 9, zinazofuata ni bei mbaya. Siku ya kuchanga, kila mtu elfu tano, na yeye elfu tano. Ukimwambia aongeze anasema "malai si yanauzwa mchana?"

Binti Ukonga: Mchomoe waya.

Chumba Namba Tatu: Amefunga kufuli kwenye plagi. Plagi!

Mwenye uzi: Jamani naomba turudi kwenye mada, wamenipigia tena, wanataka nithibitishe anwani

Mtoto wa Tandale: Kufuli kwenye plagi linafungwaje? Tupia picha.

Barafu Kama Zote: Wadau samahani kuingilia. Kuna mtu anahitaji friji la kulala, zima kabisa, linagandisha malai saa tatu tu? Laki tatu na nusu, maongezi yapo. Nipo Mbagala.

Kibatari: Linakula umeme?

Barafu Kama Zote: Sijawahi kupima mkuu. Luku ya nyumba nzima.

Chumba Namba Tatu: WEWE. Mbagala nyumba ya geti la bluu, chumba cha mbele?

Barafu Kama Zote: Kaka, una uhakika naishi hapo?