Tupeane uzoefu: tuliotengeneza programu za kompyuta huku Mtwara na Lindi, nini kilikukwamisha mwanzoni na ulijinasuaje?

Wadau wa Kusini, salamu. Kuna vijana kadhaa wananitafuta kwa jambo lilelile: wamejifunza kuandika programu, nyumbani inafanya kazi vizuri, wakiifikisha ofisini kwa mtu inagoma. Sizungumzii tovuti wala programu za simu. Nazungumzia ile inayofungwa kwenye kompyuta ya ghala, ya duka la dawa au ya chama cha msingi, ikafanya kazi hata siku mtandao haupo. Huku kwetu hizo bado zinahitajika sana.

Naanza na langu. Niliandika kwa C#, lugha ya kuandikia programu, programu ya kupokea korosho kwa chama kimoja Tandahimba: jina la mkulima, kilo, daraja, bei ya mnada, makato, malipo. Nilijaribu kwa wakulima watano wa kubuni, kila kitu sawa. Msimu ukafika ukingoni, katibu akataka thamani ya mzigo wote. Kilo 800,000, na kwa hesabu ya haraka tukaweka bei ya shilingi 3,000. Kwenye kioo ikatokea -1,894,967,296. Mwenyekiti akaniuliza taratibu, "Mwanangu, ina maana chama kinadaiwa?"

Sikulala usiku ule. Kumbe namba ya aina ya int, ile ya kawaida ya namba nzima, mwisho wake ni 2,147,483,647. Jibu sahihi lilikuwa bilioni 2.4, halikuenea, likageukia upande wa hasi, na C# kwa kawaida haikupi onyo lolote. Nilibadilisha jumla zote ziwe decimal, aina inayobeba namba kubwa pamoja na senti bila kukosea. Ukitaka shilingi kamili tu, long, yaani int iliyo kubwa zaidi, inatosha.

Na msikimbilie float, aina ya namba zenye nukta, kwenye pesa. Float ya C# inashika namba nzima bila kukosea mpaka 16,777,216 tu. Mkulima mwenye malipo ya shilingi 16,777,217 atasomeka pungufu ya shilingi moja. Mtu aliyepuliza salfa msimu mzima, akasubiri mnada, akasubiri malipo, ana haki ya kuiona shilingi yake kwenye karatasi.

Haya, nawasikiliza.

Mdau, Lindi Mjini
Mkuu, mimi nilikwamishwa na mtaa wa Ng'apa. Nilikuwa naandikisha wateja wa duka la vipuri vya pikipiki, jina na mtaa. Mitandi inaingia, Mitwero inaingia, Rahaleo inaingia. Mteja wa Ng'apa akija, programu inaanguka na ujumbe huu: near "apa": syntax error.

Siku mbili natafuta. Hiyo "apa" imetoka wapi? Nilikuwa naunganisha maneno ya mteja moja kwa moja na amri ya SQLite, kanzidata ninayohifadhia data, na kwenye amri hiyo alama ya ' ndiyo inayofungua na kufunga neno. Ikikuta Ng'apa inadhani neno limeishia kwenye Ng, halafu "apa" inabaki hewani.

Mtu akanishauri niifute hiyo alama, tuandike Ngapa. Mwenye duka akakataa, akasema Ngapa si Ng'apa, na wapo wateja wengi ambao jina la ukoo lina ng'. Alikuwa sahihi kabisa. Dawa yake ni kuweka alama ya kuuliza kwenye amri, pale thamani ingekaa, kisha thamani unazipeleka pembeni kama vigezo. Kanzidata inajua yenyewe kwamba hicho ni kitu cha kuhifadhi, si amri. Faida ya pili ni ulinzi: mtu mwenye nia mbaya hawezi tena kuandika amri ya kufuta data ndani ya kisanduku cha jina.

Mdau, Masasi
Kuganda. Natumia lugha ya Python na Tkinter, zana yake ya kuchora madirisha. Karani akibonyeza kitufe cha ripoti, dirisha linakuwa jeupe na juu panaandikwa kwamba programu haijibu. Yeye anadhani hakubonyeza vizuri, anarudia mara sita. Mwisho printa inatoa ripoti saba, karatasi zenyewe za kununua.

Sababu ni kwamba anayechora dirisha na kusikiliza vitufe ni mfanyakazi mmoja ndani ya programu, wanamwita thread. Ukimtuma asome rekodi 20,000, hawezi kukusikia mpaka arudi. Nikaipeleka kazi nzito kwa mfanyakazi wa pili, nikaharibu tena, maana nilimruhusu abadilishe maandishi ya dirisha yeye mwenyewe, programu ikawa inaanguka bila mpangilio. Siku hizi wa pili anaweka majibu kwenye foleni, na dirisha linachungulia foleni kila baada ya muda mfupi kwa amri ya Tkinter iitwayo after. Wa C# wana maneno async na await ya kazi hiyo hiyo, kwao ni rahisi zaidi.

Kama hujafika huko, anza na hili leo: kitufe kikibonyezwa tu, kizime. Kiwashe kazi ikiisha.

Mdau, Newala
Langu fupi. Nilikuwa nimeandika njia nzima ya faili, C:\Users\ na jina langu. Kwenye kompyuta ya mteja mimi sipo. Faili liwe kwenye folda ya data ya mtumiaji, AppData, na njia yake iulizwe Windows, usiiandike kwa mkono.

Mwanzisha uzi
Hapo Newala naongezea: wengine wanahifadhi data ndani ya Program Files, folda ambamo Windows inaweka programu zenyewe. Mtumiaji wa kawaida haruhusiwi kuandika humo. Nyumbani huoni shida pengine kwa sababu unaifungua programu kwa mamlaka ya msimamizi.

Dada wa Nachingwea
Kaka zangu, mimi nilipoteza nauli. Nilitoka Nachingwea mpaka Liwale, masika, barabara mnaijua. Nafika, nachomeka flashi, programu inaleta ujumbe kwamba api-ms-win-core-path-l1-1-0.dll haipo. Kijana wa pale akataka kuipakua kwenye tovuti asiyoijua. Nikamzuia, faili za namna hiyo ndizo zinazoleta virusi.

Shida ilikuwa kompyuta yao ni ya Windows 7, na Python kuanzia 3.9 haikubali Windows 7. Ya mwisho kukubali ni 3.8. Na mimi nilifunga kwa PyInstaller, zana inayogeuza programu ya Python kuwa faili la kubonyeza tu, nikiwa na Python mpya. Inafunga na Python ile ile uliyonayo, haibadilishi. Nikarudi, nikaweka Python 3.8, nikafunga upya, nikaenda mara ya pili.

Sasa kabla ya kupanda gari naomba wanipigie picha ukurasa wa sifa za kompyuta na kunitumia. Aina ya Windows, biti (32 au 64), kumbukumbu. Dakika moja tu.

Mdau, Mikindani
Tarehe, wakuu. Nilipokea mzigo wa tarehe 3 Novemba, nikaandika 03/11, ripoti ikasema 11 Machi. Korosho za Machi! Ilikuwa hivyo kuanzia tarehe 1 mpaka 12, kimya kimya, isipokuwa 11 ambayo ukiigeuza ni ile ile. Tarehe 13 ndipo ikagoma kabisa, kwa sababu hakuna mwezi wa 13. Ukiona programu inaanza kulalamika tarehe 13, jua kompyuta imewekwa mpangilio wa Kimarekani. Hifadhi kwa 2023-11-03, mwaka kwanza, na mtumiaji achague kwenye kalenda badala ya kuandika.

Kilichoniumiza si kosa, ni zile siku 11 za mwanzo nilizorekebisha kwa mkono, stakabadhi moja baada ya nyingine, na karani ananisomea.

Mgeni, Ruangwa
Shikamooni. Mimi ndiyo naanza, nina programu ya ghala la ufuta. Nimeisoma mistari yangu sasa hivi: tarehe naandika kwa mkono, pesa ni float, na faili liko Desktop. Mwenye ghala ananisubiri Jumatatu.

Mwanzisha uzi
Marahaba, mwanangu. Anza na pesa, halafu tarehe, na faili liwe la mwisho. Ukimaliza ya pesa, ingiza kilo 800,000 kwa shilingi 3,000, utuletee hapa namba inayotokea.