Mnaoshusha baiskeli Uporoto kipindi cha mvua: njia imefungwa, na mlioifungisha ni ninyi

Wakuu, heshima zenu. Mods, naomba uzi huu usiunganishwe na ule wa sehemu nzuri za kuendesha baiskeli Mbeya, maana majibu ya uzi ule yameshapitwa na wakati.

Ile njia ya milima ya Uporoto inayoanzia kule juu kwenye majani, ikaingia kwenye vichaka vya erika, ikapita mianzi na shamba la mikaratusi hadi kutokea kwenye viazi vya watu, imefungwa. Juu limelazwa gogo, chini imerundikwa miiba. Ng'ombe wanapitishwa pembeni, pikipiki wanapishwa. Aliyepigwa marufuku ni mwenye baiskeli, awe katoka mjini na baiskeli ya gia yenye breki za diski, awe kijana wa pale pale na Phoenix yake ya kubebea madumu ya maziwa. Huyo wa maziwa ndiye anayeniuma. Sasa hivi anazunguka kwa barabara ya magari, anafika kwa mnunuzi jua limeshapanda, na maziwa hayana subira.

Nani kaifungisha? Msitafute mchawi serikalini. Ni hilo kundi lenu linalopakia baiskeli kwenye pikapu, linapandishwa mpaka juu, linateremka kwa kelele, pikapu inawasubiri chini, wanapandishwa tena. Na wateja wanalipia. Jina silitaji, wenyewe mmo humu mnasoma.

Kwa asiyeijua ardhi ya kule nieleze kidogo. Udongo wa Uporoto ni wa volkeno. Juu kuna udongo mweusi, mwepesi, ndio unaozaa viazi vinavyojaza lumbesa barabara yote ya Tukuyu. Chini yake unakutana na tabaka la vijiwe vyepesi vilivyomwagwa na milipuko ya zamani. Mmojawapo mkubwa, wa Mlima Rungwe, ulitokea takriban miaka 4,000 iliyopita. Vijiwe hivyo havishikani. Maji yakishautoboa udongo wa juu na kuvifikia, yanavila kwa chini, kingo zinaporomoka, na njia ya kupita mtu mmoja inageuka korongo kabla mvua hazijakata. Na mvua zenyewe si za mchezo. Huku zinaanza Novemba mpaka Aprili, na ukivuka upande wa Tukuyu inapata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, hata Mei watu bado wanatembea na miavuli.

Wenyeji wanalijua hilo kuliko mtaalamu yeyote. Ndiyo maana kila penye mteremko mkali waliweka makingamaji: gogo la mkaratusi linakatiza njia kimshazari, nyuma yake mfereji, na upande wa bondeni mdomo wa kumwagia maji kwenye majani. Ni kazi ya msaragambo, majembe na mikono ya watu, bila posho wala chai.

Sasa, gogo lililolowa, tena limelala kimshazari, ni adui wa tairi la mbele. Hilo nakubali, hakuna aliyeendesha milimani asiyelijua. Ukilivamia kiholela unakwenda chini. Mwenye akili anapunguza mwendo, ananyanyua tairi la mbele akiwa amelielekea gogo moja kwa moja, au anashuka na kukokota, haoni aibu. Ninyi mlikuja na panga.

Nimekwenda kuangalia kwa macho yangu. Gogo la kwanza ukitoka kwenye mianzi limekatwa ncha zote mbili, mkato bado mbichi, limebingirishwa porini. Mfereji wake umefukiwa, udongo ukashindiliwa, juu yake likafanywa tuta la kurukia, na alama za meno ya tairi ziko pale pale zimekauka. Gogo linalofuata limeng'olewa zima zima. Chini ya hapo maji yamekosa pa kutokea, yakafuata mstari wa matairi yenu, maana mnashuka mmefunga breki ya nyuma, gurudumu halizunguki, linaburuta tu na kulima. Sasa hivi pale kuna mtaro wa kina cha goti, mizizi ya mikaratusi inaning'inia hewani, na vijiwe vya rangi ya njano iliyopauka vimemwagika mpaka shambani kwa mama mmoja pale bondeni. Matuta yake ya mwanzo huyaoni kabisa. Viazi vilikuwa vimeshatoa maua.

Nikateremka kwa mwenyekiti wa kitongoji. Shikamoo mzee. Marahaba. Akanitazama kichwani, nilikuwa bado nimevaa helmeti, akauliza, "Na wewe ni wa baiskeli?" Nikasema ndiyo. "Basi mwanangu, hiyo baiskeli iache hapo kwa balozi wa nyumba kumi. Juu utapanda kwa miguu kama sisi." Hakufoka, hakutukana, na ndivyo ilivyozidi kunichoma. Akanieleza kwamba kikao kimekaa na wananchi wamesema hawataki kuona tairi la baiskeli pale, basi. Nikamuuliza kama lile kundi liliwahi kupita kwake kujitambulisha. Akasema aliona pikapu ikipanda na kushuka, akadhani ni mafundi wa mnara wa simu.

Halafu kwenye matangazo yenu mnaandika eti mmeshirikiana na wanakijiji! Mlishirikiana na nani, jamani? Na wale watoto waliokuwa wanawapungia mikono?

Najua mtasema bodaboda nao wanaharibu. Kweli wanaharibu, pikipiki yenye lumbesa nyuma ikikwama kwenye tope inachimba vibaya sana. Lakini bodaboda anashusha viazi vya mtu aliyemtuma, na kesho yake atapita tena hapo hapo, kwa hiyo hawezi kung'oa kingamaji linalomlindia njia yake mwenyewe. Tena mvua zikikaribia wengine wao wanashika jembe. Mimi sijaona mtu wa pikapu ameshika jembe. Makopo ya vinywaji vya kuongeza nguvu ndiyo nimeyaona, na spika sitaki hata kuiongelea.

Kuna mwingine kaandika kwenye kundi la WhatsApp kwamba njia ni ya umma, na kwamba Ulaya watu wanashuka popote wanapotaka. Ni uongo. Uingereza, wenye yale mapori yao ya erika na misitu ambayo mnaangalia video zake usiku kucha, sheria ya mwaka 1968 ndiyo iliyowaruhusu waendesha baiskeli kutumia njia za farasi, na ikawaamuru wampishe mwenda kwa miguu na mwenye farasi. Njia za waenda kwa miguu peke yao haikuwapa. Na Marekani, kule California ambako mchezo huu ulianzia miaka ya 1970, vijana wakishuka Mlima Tamalpais na mabaiskeli mazito ya kizamani, kilichofuata ni nini? Wenda kwa miguu walilalamika, na kufikia miaka ya 1980 baiskeli zikafungiwa vinjia vyembamba vya mlima ule ule. Vingi bado havijafunguliwa hadi leo. Waasisi wenyewe wa mchezo waliambiwa waende barabara pana za magari ya zimamoto, na kule nako wakawekewa kikomo cha mwendo. Sasa ninyi mnadhani mwenyekiti wa kitongoji cha Uporoto atawaogopa kwa lipi?

Wengine nasikia mnapanga kuhamia Kitulo. Haya, nendeni. Kitulo ni Hifadhi ya Taifa tangu 2005, kule unaingia kwa utaratibu wao na unalipa kiingilio, hakuna pikapu ya kupanda kimya kimya. Na yale maua yanayoifanya iitwe Bustani ya Mungu yanachanua kipindi hiki hiki cha mvua mnachokipenda ninyi kwa ajili ya matope ya kupigia picha.

Kinachonikera zaidi ni kwamba haya yote hayakuwa na ulazima. Kuanzia Juni mpaka Oktoba njia ile inakuwa kavu, baridi ndiyo kali lakini udongo unashika vizuri, unashuka mpaka mwenyewe unacheka. Kwa nini ulazimishe Machi? Eti mteja wa Dar likizo yake imeangukia Machi. Mpelekeni kwenye barabara za changarawe, zipo chungu nzima na zina mitaro.

Na hata hilo la magogo lina dawa. Badala ya gogo unachimba mbonyeo mpana: njia inashuka kidogo, inapanda kidogo, maji yanatokea pembeni pale penye mbonyeo, na tairi linapita bila kuteleza. Mwenye mzigo kichwani naye hajikwai. Unataka jembe, koleo na mtu anayejua maji yanaelekea wapi, na watu hao kule wamejaa. Nilimchorea mwenyekiti chini kwa kijiti. Alinielewa kabla sijamaliza, akanirekebisha mahali pawili ambapo ningechimba maji yangeingia kwenye kaburi na kwenye shamba la shule. Halafu akaniuliza: sawa, nani atachimba?

Nikamwambia nitamletea watu. Akasema wakichimba, na mvua zikikata, kikao kinaweza kukaa tena. Hakuahidi zaidi ya hapo na mimi sikumbana.

Kwa hiyo mnaokuja jiandikisheni hapa chini ili nimpelekee majina kabla ya wikendi. Tunakutana Uyole asubuhi, tunapanda daladala, baiskeli zinabaki nyumbani. Jembe kila mtu na lake, msitegemee kuazima kwa wenyeji. Koleo ninazo.

Na ninyi wa pikapu, kabla ya jembe mna deni la mbegu kwa yule mama. Bei ya gunia la mbegu ya viazi ulizeni wenyewe sokoni, kisha mumpelekee mkononi, mbele ya mwenyekiti. Hela mnayo. Wateja si walilipa?