Nina vyumba viwili vitupu kwenye kliniki yangu Chake, niwatangazie vipi watu wa afya?

FizioChake

Asalamu alaykum ndugu zangu. Nina kliniki ya fiziotherapia hapa Machomanne, Chake Chake, kisiwani Pemba. Nimekodi sehemu yote ya chini ya jengo: vyumba vinne na ukumbi wa kungojea. Mimi na msaidizi wangu tunatumia viwili. Viwili vilivyobaki vimekaa tu, vina marumaru, sinki la kunawia mikono na dirisha kubwa kila kimoja, na kodi yake nailipa mimi.

Nataka kuvipangisha kwa watu wa afya peke yao. Nilimpa kazi dalali, akaniletea fundi cherehani, kijana wa kutengeneza simu na mama anayetaka kufungua saluni. Wote watu wa heshima, Mungu awafungulie riziki, lakini mgonjwa wa kiharusi anayejifunza kusimama upya hawezi kupishana ukumbini na foleni ya kusuka nywele. Nikabandika karatasi mlangoni, "Vyumba vinapangishwa." Wanaobisha hodi wanatafuta pa kulala.

Kodi ni jambo moja. La pili ni hawa wagonjwa wangu. Mtu namfundisha kutembea mpaka anaacha fimbo, lakini ulimi bado mzito, mkewe ndiye anamsemea, na mtaalamu wa usemi wa kumpeleka hapa karibu simjui. Wa lishe vilevile, wenye sukari wananiuliza kila siku. Nikipata wataalamu hao hata siku moja kwa wiki, mgonjwa anaepukana na safari ya boti kwenda Unguja.

Niandike nini, nikitangaze wapi, na bei niiwekeje?

MenoMjini

Wa alaykumu salaam, kaka. Mimi ni daktari wa meno, niko Unguja, na vyumba vya kukodi nimevitumia sana. Hiyo karatasi yako haikuwaambia kitu watu unaowataka. "Chumba kinapangishwa" ni maneno ya mtu wa kulala.

Mimi nikisoma tangazo la chumba natafuta maji kwanza. Kiti cha meno kinataka maji safi yanayoingia na bomba la kutoa machafu pale pale sakafuni, si sinki la pembeni. Kisha umeme, maana kompresa, ile mashine ya kusukuma hewa, inavuta, na inapiga kelele, kwa hiyo nauliza itakaa wapi. Nikiwa na mashine ya eksirei, chumba chenyewe lazima kipate kibali cha Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania, na mtu hafuati kibali kwa chumba cha nusu siku kwa wiki. Kama sakafu yako haina bomba hilo, andika wazi kwamba meno hapana. Utatuokolea muda sisi na wewe.

Umeme Pemba umetulia kuliko zamani. Tangu kebo ya chini ya bahari kutoka Tanga iwashwe 2010 watu wamesahau majenereta ya Wesha. Hata hivyo mtu wa vifaa atakuuliza kama una jenereta au betri za akiba. Jibu liwemo kwenye tangazo.

HakiYangu

Kabla ya tangazo, bwana, soma mkataba wako. Wewe mwenyewe ni mpangaji. Mikataba mingi inamkataza mpangaji kupangisha mtu mwengine bila ruhusa ya maandishi. Nenda kwa mwenye nyumba na barua, akubali kwa saini, na sheha ashuhudie kama mlivyofanya mara ya kwanza.

La pili, leseni. Kliniki yako imesajiliwa kwa huduma unayotoa wewe. Akija mtu wa fani nyengine chini ya paa lako, uliza kwanza Wizara ya Afya, kwa bodi inayosimamia hospitali binafsi, kama anaingia kwenye usajili wako au anatakiwa awe na wake. Usikubali maneno ya "twende tu, wote wanafanya hivyo". Na kila anayekuja akuoneshe cheti hai cha baraza la fani yake. Daktari ana baraza lake, wauguzi na wakunga wana lao. Cheti ukione chenyewe, picha ya kwenye simu haitoshi. Akiwa ameajiriwa serikalini, jambo la ruhusa ya mwajiri alimalize mwenyewe kabla hajakugusia kodi.

BiNasaha

Mwanangu, nakupa la kwangu kama mshauri nasaha. Mie chumba kizuri chenye marumaru nimekiacha, kwa sababu moja: sauti.

Mtu akija kwangu anakuja na ya ndani ya nyumba yake. Anasema kwa sauti ya chini, kisha analia. Akigundua kuwa aliyekaa ukumbini amesikia, harudi, na atawaambia na wengine wasije. Chake ni mji mdogo, mtu wa Tibirinzi anamjua wa Gombani, na yule aliyekaa ukumbini ni shemeji wa jirani yake. Fanya hivi: muweke msaidizi wako chumba kitupu asome gazeti kwa sauti ya kawaida, mlango umefungwa. Wewe kaa kwenye kiti cha ukumbini. Kisha njoo utuambie.

Na jengine, mlango wa kuingilia. Ukiwa na mlango wa nyuma au wa ubavuni, uutaje kwenye tangazo. Kwa watu wa kazi yangu huo una thamani kuliko feni na kiyoyozi.

FizioChake

Bi Nasaha, nimefanya leo mchana. Nimesikia kila neno, mpaka matokeo ya mpira. Nikapanda ngazi nikafungua kipande cha silingi bodi: ukuta wa matofali umekomea juu kidogo ya silingi, haukufika kwenye zege. Pamebaki uwazi wa kiasi cha mkono mzima, na sauti inapita hapo kama maji. Fundi amesema anaweza kujenga mpaka juu, na kubadilisha mlango mwepesi uliopo kwa mlango wa mbao nzito. Mlango wa ubavuni upo, tunautumia kutolea taka, unaweza kusafishwa njia yake.

Haki Yangu, ruhusa kwenye mkataba haimo. Nitaandika barua.

Sasa bei. Wengine wananiambia nichukue asilimia ya anachopata, eti ndiyo haki kwa wote.

NesiWete

Asilimia usiguse, kaka yangu. Ukichukua asilimia, kila mgonjwa unayempeleka chumba cha pili ana pesa yako ndani yake, na watu watasema fizio anawapeleka kwa mtu wa lishe ili apate chake. Hata kama wewe ni mkweli, hutoweza kuwathibitishia. Toza chumba. Aone watu kumi au asione hata mmoja, kodi ni ile ile, na wewe unampeleka mgonjwa pale anapohitaji kupelekwa.

Toza kwa siku na kwa nusu siku. Mtu anayetoka Unguja au Tanga hawezi kulipa mwezi mzima kwa Jumamosi nne, na ukimwambia miezi sita mbele kama duka la Darajani atakukimbia. Piga hesabu hivi: kodi ya hivyo vyumba viwili, umeme, maji, mshahara wa anayesafisha, gawa kwa siku unazotegemea kweli zitakodiwa, usigawe kwa siku zote za mwezi. Tuseme inakuja shilingi 20,000 kwa nusu siku. Iandike hivyo hivyo kwenye tangazo. Bei ikifichwa watu wanadhani kuna la kujadili, na wanaopiga simu wanakuwa wa kujadili tu.

Usisahau Ramadhani. Mchana wagonjwa hawatoki, wanakuja usiku baada ya tarawehe. Sema mapema kama usiku utafungua na nani atakaa na funguo.

Kutangaza, dalali mwache. Omba ruhusa uongozi wa hospitali ubandike kwenye ubao wa wafanyakazi: Chake, Wete, Micheweni, na Abdalla Mzee kule Mkoani. Makundi ya WhatsApp ya wauguzi na ya madaktari yanasambaza haraka, mtafute mmoja aliyemo akuwekee. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, nacho kina skuli ya afya, walimu wake wanawajua waliohitimu na wanatafuta pa kuanzia. Huyo wa usemi ni habari nyengine. Ni wachache mno nchi nzima, karatasi ya ukutani haitomfikia. Huyo mwandikie barua mwenyewe, anzia Muhimbili, na usianze na chumba. Anza na wagonjwa: una wangapi, wa umri gani, wanatoka wapi. Mtaalamu anafuata kazi, chumba kinakuja baadaye.

Nimekuandikia mfano, urekebishe:

*Chumba cha kuonea wagonjwa, Machomanne, Chake Chake, ndani ya kliniki ya fiziotherapia inayofanya kazi. Chini kabisa, hakuna ngazi, kiti cha magurudumu kinaingia mpaka chumbani. Sinki, kitanda cha uchunguzi, meza, viti vitatu, feni. Kuta zimefika kwenye zege, mazungumzo hayasikiki nje. Mlango wa pili wa ubavuni kwa wanaohitaji faragha. Kinafaa usemi, lishe, ushauri nasaha, mkunga, upimaji wa macho. Hakifai meno. Jumamosi na Jumapili kutwa, siku nyengine kuanzia saa kumi jioni. Shilingi 20,000 kwa nusu siku, pamoja na umeme, maji, usafi na kisanduku cha kutupia sindano zilizotumika. Cheti cha baraza kitaonwa kabla ya funguo.*

Ule mstari wa kuta usiuandike mpaka fundi amalize na msaidizi wako asome tena gazeti.

MenoMjini

Tangazo safi. Ongeza picha mbili: moja ukiwa umesimama mlangoni chumba chote kionekane, moja ya sinki na bomba likiwa wazi linatoa maji. Wagonjwa wasiwemo kwenye picha, hata mgongo.

BiNasaha

Na mafaili. Kila anayekodi apewe kabati lake lenye ufunguo wake, na wewe mwenye kliniki usiwe na wa pili. Mie nikiona hilo kwenye tangazo nitapiga simu siku hiyo hiyo, maana Pemba nina watu wanaonisubiri.

FizioChake

Ahsanteni sana, Mungu awalipe. Barua ya mwenye nyumba naipeleka kesho asubuhi, na kutoka hapo napita Wizara kuuliza la usajili. Fundi anaanza Jumatatu. Bi Nasaha, kabati la chuma lenye milango miwili ya kufunga lingekutosha, au unataka la droo?

BiNasaha

La droo, mwanangu, nne zinatosha. Na lisikae ukumbini.