Ukuta unatoa chumvi kila masika, nipake rangi gani?

Baba Twaha
Wakuu, nyumba yangu ipo Kigamboni. Kila masika ukuta wa chumbani unaloa toka chini hadi usawa wa goti, rangi inabanduka, unatoka unga mweupe. Nimeshapaka mara 3. Rangi gani inadumu? Mtoto anakohoa usiku.

Bi Shani
Pole baba. Mnalala madirisha yamefungwa, ndiyo sababu.

Kozi ya Tisa
Acha rangi kwanza. Bandika nailoni ukutani, ziba kingo zote kwa solotepu, siku 2. Maji yakitokea upande wa chumbani, ni mvuke wenu. Yakiwa nyuma ya nailoni, yanatoka ukutani. Msingi una nailoni ya kuzuia maji ya ardhini? Udongo wa nje uko usawa gani?

Baba Twaha
Nimejaribu, maji yako nyuma. Nailoni ya msingi ipo, nilisimamia mwenyewe.

Mkaazi wa Malindi
Kwetu Malindi ya Unguja, nyumba ya babu ni mawe na chokaa. Ami akaipiga plasta ya saruji, ukuta ukaoza kwa ndani. Chokaa inapumua, saruji inafungia maji.

Kozi ya Tisa
Baba Twaha, udongo wa nje?

Baba Twaha
Mwaka juzi maji yalijaa uani, nikamwaga kifusi na kupanga pevingi. Imepita jamvi (zege la sakafu) la ndani kwa kozi moja, yaani mstari mmoja wa tofali. Lakini siifumui, imenila pesa. Na fundi wa vigae nimeshampa advansi, abandike ukutani hadi mita 1.

Kozi ya Tisa
Basi nailoni umeifukia! Maji yanaingia ukutani juu yake. Ukibandika vigae, yatapanda hadi juu ya vigae. Fumua futi moja tu kandokando ya ukuta, shuka inchi 6 chini ya jamvi, jaza kokoto. Plasta yenye chumvi ibanduliwe, ukuta ukauke kwanza.

Bi Shani
Mtoto anakohoa, wewe unahesabu pevingi. Mpeleke hospitali leo.

Jicho Kavu
Uzi wa kutunga huu. Juzi hajui kitu, leo anataja kozi. Fundi anatafuta wateja.

Nyota ya Pwani
Hata mimi nimeshtuka. Picha ziko wapi?

Baba Twaha
Sitafuti mteja. Nilinyamaza kwa sababu mama Twaha aliikataa ile pevingi, nikamkatalia. Picha naweka jioni. Mtoto kapelekwa kliniki asubuhi. Kozi ya Tisa, hivyo vigae naweza kuvihamishia bafuni? Fundi anakuja kesho saa 2.