Mume wangu ataka tuhamie Milano. Na jina letu hapa Malindi?

Assalam aleikum ndugu zangu. Niko Barani, Malindi. Mimi naimba taarab, mume wangu apiga kinanda na udi. Miaka tisa harusi ndizo zatulisha, kutoka hapa hadi Lamu, na msimu wa watalii twapiga hotelini. Si kujisifu, lakini nikishika maiki akina mama hujipanga kunitunza, noti zikanata kiganjani kwa jasho.

Sasa kuna Mtaliano, mteja wa hotelini, atuita Milano. Atatupa chumba na kututafutia mikahawa ya kupiga. Mume wangu ashaanza kuuza spika. Mimi huko nani anijua? Nitakuwa mke wa mpiga kinanda. Na mtoto wa miaka minne nimwache kwa mamangu? Nishaurini.

Kijana wa Mkomani: Dada, viza gani? Ya matembezi ni siku 90 na hairuhusu kazi. Mwajiri ndiye aombaye nulla osta, yaani idhini ya kuajiri mgeni, huko kwao, kisha nyinyi ndiyo mwende ubalozini. Kama haijui hiyo, huyo ni mtalii tu.

Mzee wa Santuri: Karatasi ziliwatoa jasho hata wakubwa. John Lennon, yule mwimbaji wa bendi ya Beatles ya Uingereza, na mkewe Yoko Ono walihamia New York 1971, wakapanga vyumba viwili Bank Street. Mwaka wa pili serikali ya Marekani ikataka kumfukuza Lennon, kisa kesi ya bangi ya London ya 1968. Kibali cha ukaazi kakipata 1976, na yule alikuwa na mawakili na pesa za Beatles! Mumeo azirudishe spika.

Mama Wawili: Wanaume mwajibu msiloulizwa. Dada kauliza jina lake. Huyo huyo Lennon, mtoto wao alipozaliwa 1975, alikaa nyumbani miaka mitano akilea na kuoka mkate, Yoko ndiye akishika biashara. Muulize wako kama atalea wewe ukiwa jukwaani. Na mtoto usimwache.

Mwenye uzi: Ahsanteni. Mtaliano nimemuuliza nulla osta, kacheka, ati njooni kwanza, mambo yatajipa. Spika moja ishauzwa. Ya pili nimeifungia chumbani kwa mama, ufunguo ninao mimi. La kulea, mume wangu asema atafikiria.