Uvimbe wa minyoo ya mbwa kwenye ini: sindano au kisu?

Mtoto_wa_Lodwar: Wadau, mama amekutwa na uvimbe wa maji kwenye ini, ule wa minyoo ya mbwa. Daktari mmoja anataka ampasue, mwingine anasema utavutwa kwa sindano. Jumatatu natakiwa nitoe jibu. Mngechagua ipi?

NesiMstaafu: Umetuletea swali nusu. Una sentimita ngapi? Uko ini tu, au na mapafu? Ya mapafu haichomwi sindano. Na altrasaundi imesema daraja gani, CE1 hadi CE5? CE4 na CE5, uvimbe uliokwisha nguvu, zikiwa kimya huangaliwa tu.

Kovu_Refu: Sindano, bila kufikiri! Mimi nilifunguliwa tumbo 2009. Wiki tatu kitandani, mpira ubavuni unatoa nyongo kwenye chupa, na kila asubuhi mke wangu akiimwaga, kijani kama maji ya mrenda. Nikapona, nikarudi kazini. Baada ya miaka miwili naambiwa vimeota vingine vitatu, eti maji yalimwagika tumboni siku ile ya upasuaji. Kovu lenyewe hadi leo linawasha mvua ikikaribia.

Baba_Pili: Mnatishana bure. Albendazoli, dawa ya minyoo, inatosha, anywe na chakula chenye mafuta.

NesiMstaafu: Inatosha kwa uvimbe mdogo, chini ya sentimita 5 hivi. Ukiwa mkubwa, dawa hutangulia sindano na kuendelea mwezi baadaye. Na Kovu, pole, lakini hata sindano inaweza kuvujisha, mwili ukashtuka vibaya, ndiyo maana dawa za mzio na oksijeni huwa tayari pembeni. Wanavuta maji, wanayaangalia: yakiwa na nyongo, wanaacha hapo hapo. Yakiwa safi wanaingiza chumvi kali ya 20% au spiriti, wanasubiri, wanavuta tena.

Jirani_wa_Kitale: Hamsemi chanzo. Huko Turkana mnalala na mbwa!

Mtoto_wa_Lodwar: Kaka, heshima. Bila mbwa fisi anamaliza zizi. Mbwa anapata tegu, hao minyoo wenyewe, kwa kula matumbo ya mbuzi mnayotupa machinjioni.

Baba_Pili: Hapo kweli. Wangu nawapa prazikwanteli, dawa ya tegu, mara nne kwa mwaka, na matumbo nafukia.

Jirani_wa_Kitale: Unafukia, wanafukua.

NesiMstaafu: Mbwa baadaye. Mtoto wa Lodwar, vipimo?

Mtoto_wa_Lodwar: Samahani, nimeitafuta karatasi. Ini pekee, sentimita 9, CE2. Wamesema ndani kuna vifuko vingi kama sega la nyuki.

NesiMstaafu: Basi hiyo ndiyo habari! Sindano ya kawaida haivimalizi vifuko vya ndani. Muulize huyo daktari wa pili kama anamaanisha mpira mnene wa kunyonya kila kitu, na amewahi kuufanya mara ngapi.

Kovu_Refu: Mimi bado nasema sindano.

Mtoto_wa_Lodwar: Nitamuuliza. Mama mwenyewe anachouliza ni kimoja: atakuwa amerudi mbuzi wakianza kuzaa?

Jirani_wa_Kitale: Ana mbuzi wangapi?