Wakongwe wa MotoGP hawatoki, vijana hawapati sponsa. Hii imekaaje?

Mtoto_wa_Jangombe

Assalaam alaykum wanajukwaa. Nna suala la MotoGP, zile mbio kubwa za pikipiki za dunia, linanikereketa tokea msimu wa 2025, na barazani kwetu kila tukilianzisha kahawa inapoa watu wanagombana tu. Marc Márquez wa Uhispania kachukua ubingwa kule Motegi Japani mwezi wa 9 na mbio tano bado hazijapigwa, akiwa na miaka 32, mkono alivunja uwanja wa Jerez 2020 ukapasuliwa mara nne, watu keshamsomea hitima kabisa, kisha karudi. Sawa, haki yake, kashinda kwa spidi hakupewa. Ila mie natizama upande wa pili. Mwaka 2024 Ducati walikuwa na Jorge Martín, miaka 26, ndo anaongoza msimamo, na kile kiti cha timu ya kiwanda, yaani timu ya kampuni yenyewe inayounda pikipiki, wakampa Márquez aliyekuwa keshafika 31. Martín akabeba ubingwa mwaka ule ule na Pramac, ambayo si timu ya kiwanda, akachukua namba 1 yake ya ubingwa akenda nayo Aprilia, kampuni nyengine. Sasa huu si ndo ule mchezo wa wakubwa kukaa vitini mpaka vinaota mizizi? Na masponsa wanamfata nani, mwenye kipaji au mwenye jina?

Nauliza pia kwa sababu nna mtoto wa dada yangu, ana miaka 15, baba yake fundi pikipiki Mwanakwerekwe, huyo mtoto ukimuona anavyolala kona utasema kazaliwa juu ya tangi. Ananiambia "mjomba niandikie barua makampuni yanidhamini". Mie barua najua kuandika, lakini naandika nini?

Giya_ya_Sita

Waalaykum salaam. Yakhe, hapo umechanganya mambo mawili. Márquez hakuziba njia ya mtu. Alikuwa na mkataba wa timu ya Honda bado mwaka mzima, pesa ya kufa mtu, akauvunja mwisho wa 2023 akenda Gresini, timu ndogo, kupanda Ducati ya mwaka uliopita. Mbio yake ya kwanza kushinda baada ya hapo ilikuwa Aragón, Uhispania, Septemba 2024, siku 1,043 toka ashinde mara ya mwisho. Mkongwe anayeng'ang'ania kiti hafanyi hivyo, huyo kashuka ngazi akapanda upya pamoja na vijana.

Ukitaka mkongwe aliyekaa sana basi mtaje Valentino Rossi, yule Mtaliana wa namba 46, na najua hapa kuna watu watanirukia. 2021 kamaliza wa 18 kwenye msimamo, ana miaka 42, ushindi wake wa mwisho Assen 2017. Miaka minne bila kushinda na kiti anacho. Kijana gani angepewa miaka minne hiyo? Kijana akikosa msimu mmoja na nusu anarudishwa Moto2, daraja la chini yake, na huko wengine wanakaa kwa pesa ya baba zao, maana zipo timu za chini kule hazikuchukui mpaka uje na sponsa wako mkononi.

Kuhusu sponsa: sponsa hanunui spidi, ananunua kuonekana. Rossi wa 18 kamera inamfata kuliko wa 4. Ndo hesabu yote hiyo.

Mpemba_wa_46

Nimeona jina la Rossi nimeacha kula. Wewe Giya hebu tuheshimiane. Mataji 9, saba ya daraja la juu, mbio 115 kashinda, halafu unamwita kaziba njia?? Haya nikuulize, bingwa wa 2022 na 2023 ni nani? Bagnaia. Bagnaia katoka wapi? Akademia ya Rossi mwenyewe, VR46, ilianza 2014, vijana wanafanya mazoezi kwenye ranchi yake Tavullia, kwenye vumbi na matope, yeye yumo anakimbizana nao. Morbidelli, aliyemaliza wa pili duniani 2020, huko huko. Bezzecchi huko huko, Marini huko huko. Kaka angu, mkongwe huyo kawafunza watu wakaja kumpita yeye mwenyewe hadharani na hakununa. Nionyeshe hapa Unguja au Pemba mchezaji mkongwe wa mchezo wowote ule aliyefungua hata kibanda cha kufunzia watoto. Wengi wakistaafu wanakuja barazani kutuhadithia goli la 1994.

Kama kiti cha 2021 ndo malipo ya kutoa mabingwa basi mie nasema kilikuwa rahisi.

Fundi_Vespa_Michenzani

Vijana mnabishana juu tu, mie nikueleze pesa inavotembea maana nimezifata mbio hizi toka enzi za sigara, ile rangi nyekundu na nyeupe ya Marlboro. Sigara zilipopigwa marufuku kwenye matangazo, nafasi ile wakaingia watu wa mafuta, vinywaji vya kuchangamsha na simu. Repsol, kampuni ya mafuta, alikaa na Honda toka 1995 mpaka mwisho wa 2024, miaka 30. Suzuki alikuwa na bingwa wa 2020, Joan Mir, na 2022 alipomaliza msimu akafunga virago akaondoka. Bingwa unaye na pikipiki nzuri unayo, na bado wenye kampuni wakaamua basi. Kwa hiyo kijana asidhani kushinda peke yake kunamlinda.

Na hii ya KTM ndo mjue. Novemba 2024 kampuni ya KTM ilikwenda mahakamani, madeni hayalipiki, na pale ndo alipokuwa Pedro Acosta, kipaji kikubwa kuliko vyote vya sasa, aliyeshinda mbio yake ya pili tu ya Moto3, daraja la vijana, mwaka 2021 kule Qatar akianzia njia ya pit, ile ya kutokea gereji, nyuma ya watu wote. Kijana mwenye kipaji hana hatia, na mwajiri anazama. Unajua nani kawaokoa? Bajaj wa India. Ndiyo, hawa hawa wenye Boxer zinazobeba abiria na mkaa hapa. Mamia ya mamilioni ya yuro. Kila bodaboda anayenunua Boxer Mwanakwerekwe kachangia chenji kidogo Acosta aende mbio, na yeye hajui!

Ummu_Sabra

Mie si mtu wa mbio ila mume wangu haondoki mbele ya TV Jumapili kwa hiyo nayajua. Ndugu yangu Mtoto wa Jang'ombe, umesema anavyolala kona. Analala kona WAPI? Maana hapa hatuna uwanja wa mbio. Kama ni barabara ya Fumba usiku na wenzake basi hicho usikiite kipaji kwenye barua. Mwaka 2021 walikufa vijana watatu kwenye mbio za kule Ulaya, mmoja miaka 14, mmoja 15, mmoja 19, na hao walikuwa na uwanja, helikopta na madaktari pembeni. Ndo wakapandisha umri wa kuingia mashindano ya dunia uwe 18 toka 2023, ukitoa wachache wanaoruhusiwa mapema. Sisi tunaye daktari wa zamu Mnazi Mmoja na foleni yake. Mama yake huyo mtoto anasemaje? Mbona hujamtaja?

Mtoto_wa_Jangombe

Dada Ummu Sabra umenipata. Mama yake hataki hata kusikia, ndo maana kaja kwangu mie mjomba. Na ndiyo, ni Fumba, ila asubuhi Ijumaa barabara haina mtu. (Najua utasema nini, usiseme.)

Sasa Giya nambie kweli, miaka 15 bado anayo nafasi?

Giya_ya_Sita

Ya MotoGP? Nikwambie ukweli usinichukie: hapana. Wenzake Uhispania na Italia wanawekwa juu ya vipikipiki vidogo wana miaka minne mitano. Ile Red Bull Rookies Cup, mashindano ya chipukizi yaliyoanza 2007, ndo ngazi ya asiye na baba tajiri, pikipiki wanakupa na nguo wanakupa, zote sawasawa, mwenye uwezo ndo anaonekana. Bingwa wake wa kwanza kabisa alikuwa Johann Zarco wa Ufaransa, na huyo Zarco sasa ndo mkongwe, 2025 kashinda Le Mans mbele ya Wafaransa wenzake ana miaka 34. Acosta bingwa wake wa 2020. Brad Binder wa Afrika Kusini kapita hapo hapo, akawa bingwa wa Moto3 2016, na 2020 Brno akaipa KTM ushindi wake wa kwanza wa MotoGP. Kwa hiyo Mwafrika anaweza, ila Binder alikulia kwenye nchi yenye viwanja, akenda Ulaya mapema, na nyumbani pesa ikatoka kabla ya sponsa yeyote kumjua. Hapo ndo penye tatizo. Sio wakongwe juu, ni chini kabisa hakuna ngazi ya kwanza. Hata Márquez akistaafu kesho asubuhi, mtoto wa Mwanakwerekwe hasogei hata futi moja.

Ila kwenye motokrosi, mbio za pikipiki za vumbini, nafasi bado ipo. Uganda wana viwanja, Garuga na Busiika, Kenya wanakimbia Jamhuri pale Nairobi, na bara wapo watu wa motokrosi. Vumbi linasamehe kuliko lami, na Rossi mwenyewe vijana wake anawafunzia vumbini kama alivosema Mpemba (hapo tu tumekubaliana). Mpeleke kwanza akaone, huenda akakimbia mwenyewe.

Fundi_Vespa_Michenzani

Na barua usiandike "tunaomba udhamini wa kijana mwenye kipaji". Barua hizo zinafungiwa maandazi. Usiombe pesa. Nenda duka la oili, duka la matairi, mwambie: nataka helmeti nzuri na viatu na magoti ya kukinga, wewe nakupa jina lako kifuani na mgongoni, video kila wiki, na kijana anakaa dukani kwako Jumamosi kubadilisha oili za wateja. Mwenye duka anaelewa wateja, haelewi kipaji. Na baba yake ni fundi, hiyo ndo mali, kijana anayejua kufungua kabureta mwenyewe ana gharama nusu.

Na mama yake aweke saini. Bila ya saini ya mama mie nisingetoa hata plagi.

Ummu_Sabra

Fundi Allah akubariki.

Mtoto_wa_Jangombe

Ahsanteni sana. Jumamosi namfata dada yangu kwanza, mniombee. Kisha naanza na duka moja la vipuri Darajani mwenyewe namjua.

Mpemba_wa_46

Mie nna jamaa Wete anauza matairi, ana roho nzuri, naweza kumpigia. Lakini kwanza huyo kijana anataka namba gani kifuani?

Mtoto_wa_Jangombe

Kasema 93 😅

Mpemba_wa_46

Namba ya Márquez?? Baada ya yale ya Sepang 2015, alivyogombana na Rossi uwanjani? Mtafutieni mtu mwengine wa matairi.